Utenzi wa Mfua Jezi

Nipa beseni, sabuni,
na ndoo ya kisimani;
wino wa kazi ya nini?
Hapa hapana daftari.

Miaka nimezifua
jezi zao, nimejua
doa la tope la mvua
na doa lenye habari.

Shimanzi, penye matangi,
timu isiyo na rangi,
makuli wa vumbi jingi
watoka kazi bandari.

Vifua wazi hucheza,
refa akijiuliza,
"Huyu wenu?" Nao, "Waza
wewe! Sisi tu tayari."

Ikaja meli na mbao,
yatoka Latvia kwao,
fundi wa mashine zao
jina lake Aivari.

Pampu ilikosekana
wiki sita, na mchana
akicheza na vijana
penye ghala la sukari.

Jua lilimla shingo,
mbio zake za maringo,
ila kichwa penye lango
ni nyundo ya msumari.

Siku ya kutuambaa
gunia alilitwaa,
jezi manjano zajaa
za timu ya Aivari.

Kifuani maandiko:
"Dzintars", herufi za huko.
Ulimi ukala mwiko,
tukaita tu: Zintari.

Kasema: ni kaharabu,
utomvu kama dhahabu,
hutupwa pwani ghaibu
na mawimbi ya bahari.

Timu yao, alinena,
ya kiwanda, si ya bwana,
imetwaa kombe, tena
ikashuka bila ari.

Theluji, watu na koti,
imefika hata goti;
masizi, si chaki, eti,
ndiyo huchora mstari.

Zilikuwa za baridi!
Nzito na ndefu kuzidi,
mchezaji humbidi
kuvaa kwa tahadhari.

Badi, wangu, ndiye beki,
nahodha yule hacheki,
katua jezi: "Sitaki
nione hata dosari."

Nikikamua, ni mto
wa jasho, chumvi na joto;
malipo nayo ni ndoto,
chai bila ya sukari.

Ligi ya kwanza, tisini,
saba bila, uwanjani
wa Tononoka; nyumbani
kimya kilikuwa shari.

Tisini na tatu, kombe!
Ouma, mguu wembe,
akapiga toka pembe
dakika ya mahashari.

Kombe lenyewe la bati,
shikio moja, na kati
lina tobo; hata noti
mia, siuzi johari.

Kuna ushindi pembeni:
Fumo kutoka jelani
akaingia golini.
Penalti tatu? Sifuri.

Na Kazungu na nduguye
walimzika babaye;
saa kumi, huyo, yeye,
namba tisa, yu tayari.

Jezi ile ina doa
la udongo; sikutoa.
Sabuni ninaijua
inapofanya dosari.

Elfu mbili, na barua
yafika, nikafungua:
kiwanda kiliugua,
timu kafunga safari.

Uwanja sasa ni duka,
wauza taa na shuka;
Aivari kazeeka,
goti lake si hodari.

Akauliza: "Na huko,
zile jezi bado ziko,
ama zapangusa jiko
na meza? Nipe habari."

Nikajibu: "Jumapili
tumetoka mbili-mbili;
zenu zingali kamili,
zimezaa, Aivari.

Fundi Lali wa Majengo
ashona ule mpango:
mikono mifupi, shingo
wazi; joto si hiari."

Mtoto muulizeni
hilo neno ni la nani:
"La Shimanzi, la nyumbani,
si la kigeni Zintari!"

Jezi i juu ya kamba,
manjano yake yatamba;
doa la Kazungu, mwamba,
halitoki: ni daftari.