Majani Saba

Majani yalikuwa matatu.
Najua, maana aliyekohoa ni mimi,
chumba cha uani, Tandika,
mwaka wa mvua ile iliyobeba uzio wa choo cha Mzee Kingalu
ikautua mlangoni kwa fundi cherehani.
Mama alitoka na kibatari, upepo ukakizima.
Akapapasa mpera wa jirani kwa juu ya ukuta,
akachuma matatu, kwa sababu
kitawi kilichofika mkononi kilikuwa na matatu.
Hakuna siri nyingine.

Akachemsha. Akatia tangawizi
iliyosalia kwenye sufuria ya futari,
na sukari.
Haikuwa sukari.
Makopo mawili ya maziwa, yote yamechubuka nembo,
na gizani vidole havionji.
Akaninywesha kwa kifuniko cha chupa ya chai.
Nusu nikaitapika, nusu ikakaa.

Alfajiri jirani akaita kutoka upande wa pili:
"Mwanao leo kimya! Umempa nini?"
Mama akamtajia, huku ananifunga mgongoni.
Jirani jina lake Semeni,
na kweli, alisema.

Alimwambia Zamda kwenye foleni ya bomba,
Zamda akamwambia shoga yake mkaanga mihogo wa Mtoni,
na mihogo haijageuzwa upande wa pili
majani yakawa matano, matatu ni uchoyo.
Buguruni wakakataza kufunua sufuria kabla haijaimba.
Kigogo wakaongeza asali ya nyuki wadogo.
Mbagala wakasema yachumwe jua halijatoka,
na mchumaji asisalimiwe,
akisalimiwa arudi akalale.
Hapo yalishafika saba.
Manzese kuna bwana aliyeijaza kwenye chupa za maji,
akabandika karatasi:
kifua, tumbo, mgongo, na wapangaji wasiolipa.

Kila mdomo ulipunguza hiki, ukazidisha kile.
Kitu kimoja tu hakikudondoka njiani:
"Halafu unatia chumvi. Usiulize."
Hakuna aliyeuliza.
Mji mzima ukatia chumvi.

Juzi binti yangu kashikwa na kifua.
Bi Chausiku wa ghorofa ya chini akapanda ngazi zote zile,
magoti yake yale,
na fungu la majani kwenye kanga.
"Saba, mwanangu. Ilitoka Tandika.
Mwanamke mmoja, mcha Mungu, alioteshwa."

Alioteshwa wapi? Hakulala.
Alikaa kitandani amenishika kisogo,
akihesabu pumzi zangu, akikosea, akianza upya.
Na kimya alichokisikia Semeni
kilikuwa kimya cha mtoto aliyeishiwa.
Mama hakuwa anakwenda kisimani.
Alikuwa anakimbia zahanati,
nikachomwa sindano asubuhi na jioni, siku tano,
na doti ya kanga aliyoletewa na kaka yake kutoka Tanga,
haijakatwa wala kupindwa,
akaiuza kwa mke wa mwenye nyumba.

Ile doti haikupita mdomoni mwa mtu.
Haichemshwi.

Nilitaka kumwambia Bi Chausiku.
Lakini alikuwa anahema, ameshika kizingiti,
anayapanga majani kiganjani moja moja
kama mtu anayerudisha deni.
Nikasema ahsante. Nikamwekea kiti.

Usiku nikayachemsha, kando ya dozi ya hospitali
na karatasi yake, kutwa mara tatu.
Saba. Nilishika la nne nilitoe,
mkono ukakataa.
Taa inawaka, makopo yameandikwa,
sukari hii hapa, chumvi hii hapa,
nami nikanyoosha mkono
mpaka kulekule.

Binti akaonja, akakunja uso.
"Mbona ina chumvi?"

Nikafungua mdomo nimweleze
habari za kibatari, upepo, makopo mawili.

"Ndiyo dawa yenyewe," nikasema.
"Kunywa. Usiulize."