Mshale Unaorudi

Barua ya meneja Oosterveld ilikuwa na mistari miwili:
zamu ya usiku wanakosea lebo za jibini,
watengenezeeni kozi.

Jumatatu, mvua ya Februari imeinunia Enschede tangu alfajiri,
wanagenzi wangu wanne wakaja na kozi tayari.
Slaidi arobaini. Chemshabongo.
Ng'ombe wa katuni mwenye miwani, anayekukonyeza
kila ukipatia.
Gerdien hakuwa amelala. Macho yamemwiva,
shingo imenyooka.

Sikusema mbaya, sikusema nzuri.
Nikatandaza mezani karatasi ya kufungia nyama,
nikampa penseli: chora tatizo.
Akachora hawajui, mshale, wafundishwe, mshale, watajua.
Mstari mnyoofu kama mfereji wa Twente:
maji yanaingia huku, yanatokea kule,
hakuna anayeuliza yalikotoka.

"Na mshale unaorudi?"
"Unarudi wapi?" akauliza Teun.
Ndilo hilo, nikasema. Vaeni makoti.

Saa sita za usiku, bila kompyuta, bila ng'ombe,
walisimama kando ya mkanda wa kiwanda
na kofia za nailoni, vichwa kama vitunguu vilivyomenywa.
Harmke, miaka ishirini na miwili kwenye zamu ile,
alimsomea Sevgi lebo iliyopinduliwa, kwa mbali,
tarehe, fungu, mafuta, chumvi,
kisha akacheka:
"Haya, nifundisheni."

Wubbe, ambaye hasemi sana, alihesabu hatua.
Sitini na moja, kutoka kwenye mkanda hadi kwenye printa.
Mwaka jana zilikuwa nne.
Printa ilihamishwa majani yalipopukutika
ili kupisha meza,
na juu ya meza kompyuta mbili,
na juu ya kompyuta kibao: KONA YA MAFUNZO.

Tukarudi kwenye karatasi ile ile.
Printa iko mbali, basi lebo huchapwa rundo, mapema.
Fungu la jibini hubadilika, rundo halibadiliki.
Lebo zikikosewa, meneja huagiza kozi.
Kozi hula saa nzima ya zamu.
Saa ikiliwa, mikono hukimbia,
na mikono inayokimbia haina hatua sitini na moja za kutoa.
Huchapa rundo.

Penseli ikamgandia Gerdien hewani.
Mshale ulikuwa umerudi, na ndani ya duara,
katikati ya meneja na ile saa iliyoliwa,
palikuwa na neno kwa mwandiko wake mwenyewe: kozi.
"Kumbe na sisi tumo," akasema polepole,
kama mtu aliyefuata harufu ya kuungua nyumba nzima
akaikuta kwenye mkono wa koti lake.

Teun akataka printa irudishwe, yaishe.
"Na ile meza ni ya nani?" Sevgi akauliza.
"Nani aliipigania? Nani atanuna ikiondolewa?"
Nikamkatia kipande kinene
cha jibini alilotupa Harmke, lililokataliwa sokoni.
Lebo inasema lina bizari.
Halina.

Tutamwandikia nini Oosterveld? Yeye alilipia kozi.
Hilo bado tunabishana.

Walipoondoka nikafungua jedwali langu la alama.
Kozi iliyokamilika: sitini.
Mwonekano: thelathini.
Kulichunguza tatizo: kumi, muda ukiruhusu.
Miaka kumi na mmoja nalalamika
kwamba wanagenzi wanakimbilia jibu,
na miaka kumi na mmoja mpuliza filimbi ni mimi.
Nyani, kwa mara moja, nikaligeukia kundu langu.

Nikaichukua penseli ya Gerdien, ina alama za meno,
nikaandika pembeni mwa karatasi: mimi.
Nikaanza mshale.
Mkono ukasita. Nilikwisha kuona
unakoelekea.