Hatamu ya Klachi

Nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri.
Saa kumi na moja alfajiri, na kipimajoto cha dirishani
kimejikunyata chini kabisa, hakitaki kusema zaidi.
Nimemwaga makaa kwenye karai bovu,
nimelisukuma chini ya tumbo la gari,
si penye injini, penye gia boksi,
maana injini ina kelele lakini husamehe upesi;
gia boksi hunyamaza, na hununa hadi mchana.

Uybaan ndiye aliyenifundisha.
"Tuyaara," alisema, "oili humo ndani imekuwa gundi.
Kanyaga klachi hadi mwisho kabla ya kuwasha,
na ikishawaka usiiachie. Hata gia ikiwa huru, usiiachie.
Huru ni neno tu katika baridi hii."
Dakika kumi nzima mguu wa kushoto unatetemeka,
kisha unauinua
kidogo,
kama unavyochomoa mkono chini ya kichwa cha mtoto
aliyelala baada ya kulia usiku kucha.
Injini inaguna. Inainama. Inataka kufa.
Unakanyaga tena, unaanza upya.
Uybaan tulimzika mwaka wa tatu huu
(tulikoka moto siku mbili ili ardhi ikubali jembe),
na mguu wangu bado unamsikiliza.

Nyuma nimepakia maziwa,
sahani mia mbili za maziwa yaliyogandishwa,
yanagongana ndani ya magunia kama vyombo vya harusi.
Ng'ombe wangu wote kumi na mmoja wamo humo.
Mto Lena umelala; mgongo wake ndio barabara.
Gia ya kwanza iliingia kwa kubembelezwa,
ya pili niliiruka, haiguswi kabla ya jua,
ya tatu ikaingia kwa mlio wa mfupa.

Katikati ya mto nikakanyaga klachi,
ikashuka.
Haikupanda.
Waliosema aliye juu mngoje chini
hawakusema aliye chini angojwe wapi.
Nikaichokoa kwa ncha ya kiatu: ikainuka nusu,
ikafikiri,
ikarudi kulala.
Gari likateleza lenyewe, polepole, injini ikinguruma bure,
mpaka likasimama mahali pasipo na kitu,
ukungu wa moshi wake ukalifunika kama shuka.
Sikulia. Machozi hapa hugandisha kope,
na kope nilizihitaji.

Nyuma ya kiti palikuwa na hatamu ya babu,
ya farasi aliyekufa kabla sijaolewa.
Sijui kwa nini naibeba. Uybaan aliiweka pale,
sikupata siku ya kuitoa.
Nikavua glavu, nikahesabu hadi ishirini,
nikafunga fundo kwenye shingo ya pedali,
nikazirudisha glavuni nyama zisizo zangu tena.
Kisha nikavuta ngozi ile, taratibu,
na gari zima likasogea mbele
kama mnyama aliyeitwa kwa jina lake.

Ndivyo nilivyoingia Yakutsk:
mguu ukishusha, mkono ukipandisha,
mkono mwingine ukigombania usukani na gia.
Sokoni bibi Matryona akachungulia dirishani.
"Huyu naye anakula nyasi?"
"Anakula faida," nikamjibu.
Fundi Dyulustan akalala chini ya gari, akatoka na theluji masikioni.
Mpira wa silinda ya klachi umekakamaa, akasema,
unavujisha; kipya ninacho.
Bei yake: sahani themanini.

Nikatazama magunia.
Nikatazama wingu la pumzi juu ya kila kichwa sokoni,
na magari yote yakinguruma, hakuna anayethubutu kuzima.
Nikakaa kwenye kiti, nikainama,
nikakaza fundo.