Kutua

Kazini kwangu kuna bomba refu lililofyonzwa hewa yote.
Mwisho wake bamba la dhahabu, dogo kama ukucha wa mtoto,
na juu ya dhahabu nimeotesha utando wa molekuli:
zimebanana kama boriti, zimeinama kidogo upande mmoja,
miguu ya salfa imeshika dhahabu,
vichwa vya florini vimeelekea mlango.
Unene wake? Ukungu wa pumzi kwenye kioo
ni godoro mbele yake.

Kutoka juu naleta ayoni za rutheni,
kila moja imekumbatiwa pande tatu,
kila moja na chaji mbili inazotembea nazo kama deni.
Zikija kwa kasi zavunjika, kumbatio huku, metali kule,
nami nabaki nikifagia vigae nisivyoviona.
Basi napunguza volti.
Napunguza tena.
Nataka itue kama anayetua mtungi uliojaa,
magoti kwanza, kisha pumzi.

Haya nilikuwa nikimweleza mama, Mkomani, mfunguo sita,
naye achagua mchele, hanisikilizi,
Famau alipobisha.

Miaka minne. Tangu ile karatasi ya kuuza nyumba.
Hodi yake ilikuwa na umeme.
Mama akainuka, ungo ukamwagika.
Nikamshika mkono: usimvute ndani, mama.
Dhahabu tupu hunyang'anya chaji papo hapo
na kinachobaki si kile kilichokuja.

Nikatoka mwenyewe.
"Ndoo, keti hapa dakani."
Baraza ya mawe, chokaa imebanduka, ubaridi ule ule.
Si nje, si ndani.
Sikumuuliza habari za Mombasa.
Nikamwekea maji, nikakaa mbali kidogo.

Akatua.
Hakuvunjika. Wala hakupoa:
hasira yake niliiona nzima, mikono imeizunguka,
kama nizionavyo zile chaji siku ya tatu
zingali juu ya florini, hazijashuka.
Uko utando mwingine ambao ungeimaliza kwa saa moja.
Huo hapa sina.

Adhana ya alasiri ikapita juu yetu.
Ndani, mama aokota punje moja moja,
zaanguka kwenye ungo: ta. Kimya. Ta.

Famau akageuza shingo.
"Mama yuwafanyani?"
"Yuwaokota mtele."

Akanyamaza kitambo.
Akavua kiatu kimoja.