Robo Kilo

Siku niliyookoka, Cheyo nzima ilijua kabla ya adhuhuri.
Kalunde alipika wali, na ilikuwa Jumatatu.
Mchungaji alinishika bega: ya kale yamepita.
Nikaitika amina, machozi yananitoka kwelikweli.
Ila mzani wangu haukuwepo kanisani.

Ulikuwa stoo, umening'inia nyuma ya madumu,
mzani wa ndoano, uso wake umepauka,
na ndani yake ile springi niliyoichokoa kwa koleo
mwaka ule bei ya tumbaku ilipoanguka.
Kila ndoo ya asali ikipanda
inapoteza robo kilo, kimya,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Robo kilo si kitu.
Nilijiambia hivyo njia nzima, Sikonge mpaka Ipole,
miaka tisa, pikipiki inakula vumbi,
miyombo imesimama huku na huku, haisemi.

Basi nikawa mtu mpya mwenye mzani wa zamani.
Pombe niliiacha kwa wiki moja.
Matusi yalikawia, yalikuwa na mizizi,
yanachipua kila nikijigonga kidole.
Nikajifunza kuomba bila kufungua jicho moja.
Lakini kila Alhamisi mkono ulikwenda wenyewe kwenye ndoano.
Nadhani huo mkono ndio uliobaki mkavu
siku waliponizamisha.

Mama Nyamizi hakunishitaki popote.
Alileta ndoo zake mbili, akautazama mshale,
akasema, "Asali yangu huwa nyepesi ikikuona."
Akacheka. Akapokea hela, akazifunga kwenye pindo la kanga.
Usiku ule nilihesabu mabati ya dari yangu,
na mabati ya dari yangu yalikuwa ya kwake.

Mwezi wa saba, baridi ikishuka, asali huganda.
Huwezi kuifokea.
Ukiichemsha utaimaliza haraka, ndiyo,
lakini utabaki na utamu usiokumbuka ua.
Unaitoa juani, unakaa,
inalegea kutoka pembeni, taratibu,
katikati pakiwa pa mwisho.
Nilidhani Mungu angenichemsha.
Alinitoa juani.

Ilikuwa Agosti nilipofungua daftari.
Mihayo amekufa; nililipa kwa mjane wake, mlangoni,
naye hakunikaribisha ndani.
Kasubi amehamia Mpanda, namba yake haipatikani.
Wengine walisema tumesamehe, wengine walisema lete na riba.
Mmoja alinitukana hadi nikakumbuka lugha yangu ya zamani,
ikanijia mdomoni yote, nzima, imenoleka.
Nikaimeza. Ilikwaruza.
Deni lenyewe sitalimaliza, nimekokotoa.

Ipole nilifika na mzani mpya, bado una karatasi ya duka.
Nilikuwa nimeandaa ushuhuda, na aya mbili.
Mama Nyamizi aliniachia niseme mpaka nikaishiwa,
kisha akaingiza mkono kapuni
akatoa sukari ya kilo moja, haijafunguliwa,
akaitundika kwenye ndoano yangu.

Mshale ulitetemeka,
ukapita,
ukarudi,
ukasimama kwenye moja.

Aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Akaiteremsha sukari yake, akairudisha kapuni.
"Haya," alisema. "Sasa pima asali."