Chupa ya Achari

Hapa Masira, "tupa huko" haina huko.
Huko ni wapi? Toka Hilfu uelekee kusini,
saa moja na robo kwa gari, na huko kumekwisha:
bahari, na kasa anafukua shimo la mayai
kando ya kandambili isiyo na mwenziwe.

Kila kilichomo nyumbani mwangu kilikuja na feri:
mchele, sabuni, kopo la maziwa ya unga,
friji, na mimi mwenyewe, mwaka nilioolewa,
nimeketi juu ya sanduku, natapika katika mfuko wa nailoni
ambao, nikikumbuka sasa, niliuachia upepo.

Upepo wa hapa haupokei amana.
Mfuko uliouachia Jumatatu
utaukuta Alhamisi kwenye seng'enge ya shule,
umetuna kama shavu la mpiga zumari.

Basi yalipokuja mapipa, mtaa mzima ulinisikia.
"Bi Zuwena, karatasi na karatasi.
Bi Raya, nepi si plastiki, hata ukiikunja vipi.
Kopo lisuuzwe. Chupa ivuliwe kifuniko.
Katoni zifungwe kamba, ziwekwe ndani,"
maana mbuzi wa hapa huzivamia katoni
kama wageni wa harusi wakiona halua.
Nilikuwa karani wa taka asiye na mshahara.
Nilifunua mapipa ya watu, nikanusa, nikaguna.
Watoto wakaniita Mama Pipa. Nikaitika.

Kwangu, mambo yalikuwa mengine kidogo.
Usiku, miguu imevimba, maji ya tangi yako chini,
nani atasuuza chupa yenye mafuta na pilipili?
Nilikaza kifuniko, nikaisukumiza chini ya magazeti.
Moja tu, nikajiambia.
Nadhani niliwahi kusema hivyo mara nyingine pia.

Wiki ya tatu feri ikarudisha robota.
Rofiqul wa manispaa alilishusha peke yake:
karatasi zote za mtaa, siku ishirini za kukunja na kufunga,
zimelowa manjano, zanuka siki.
Bara wamezikataa.
Tukalizunguka kama watu walioitwa kumtambua maiti.

"Nani?" akauliza Bi Zuwena.

Rofiqul akatia mkono wenye glavu hadi kwenye kiwiko,
akapapasa, akatoa chupa.
Kifuniko kimelegea, lakini kibandiko ni kizima,
wino mweusi, herufi zimesimama wima kama askari:
ACHARI YA MUHANNA. USIGUSE.

Mtaa wetu wote huandika Kiarabu.
Kiswahili nilikuja nacho mimi, katika sanduku lile,
nikakibandika kwenye chupa za jikoni
ili watoto wa jirani wasijue kilichomo.
Sasa kila mtu alijua kilichomo.
Rofiqul hakuhitaji hata kusoma.
Ndiye anayemwaga pipa langu.
Aliigeuza chupa, akaifuta kwa kanzu yake ya kazi,
akanikabidhi, kwa mikono miwili, kama zawadi.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.
Bi Raya, yule niliyemsema kwa nepi,
aliingia kwake, akatoka na ndoo na kipande cha sabuni,
akaviweka miguuni pangu, akarudi kuanua nguo zake.

Niliiosha pale pale njiani, nimechutama,
mtandio naushikilia kwa meno,
maji yakichora mstari mwekundu mchangani.
Nikasuuza mara mbili. Nikasuuza tena.
Kibandiko kilikataa kutoka; nilikikwangua herufi kwa herufi
mpaka likabaki neno moja, USIGUSE,
nalo nikaliondoa kwa kucha.

Nilipoinua kichwa, njia ilikuwa tupu.
Mbuzi mmoja tu, ameshaanza kutafuna kona ya robota,
mafuta na siki na yote,
wala hakujali ni ya nani.

Usiku nilijisahau, nikafikicha jicho.