Barua Yangu Imerudi

Barua yangu imerudi kutoka Mbezi.
Haina hundi, haina hata salamu,
ina wino mwekundu.
Bwana Mutalemwa, mkuu wa shule ya Kiingereza,
amezungushia duara ile nafasi tupu
baada ya neno However,
na pembeni kaandika: mkato uko wapi?

Nilimshonea sare arobaini na mbili.
Mashati ya kola ngumu, sketi za marinda,
vifungo mia mbili na kumi
nilivyochukua kwa deni Mtaa wa Kongo.
Huu mwezi wa nne.
Naye anauliza mkato uko wapi.

Nikaenda kwa Ghalibu, steshenari ya Magomeni Mapipa,
kijana wa fotokopi na picha za pasipoti,
aliyesoma mpaka ada ikamshinda.
Akaisoma barua, akacheka kidogo, akaacha.
"Bi Somoe," akasema, huku akipangusa kioo cha mashine,
"Kiingereza kina maneno yanayobisha hodi.
However. Therefore. Meanwhile.
Likishabisha, lisijitome ndani.
Lisimame kizingitini mpaka liitikiwe.
Hapo linaposimama ndipo pa mkato."

Na likiwa katikati ya sentensi?
"Lishike huku na huku,
kama mgonjwa anayeteremshwa kwenye bajaji."

Basi nitaweka kila nikiliona.
"La. Ukisema However long I wait,
yaani hata ningojee vipi, hapo usikate.
Ukikata, umeivunja mgongo."
Hiyo nikaielewa upesi.
Kungoja kwangu hakuna pa kukatia.

Darasa la sita, Tandika, mwalimu alikiita koma,
na mimi nyumbani nilikuwa naambiwa koma
asubuhi, mchana, hata usiku nikikohoa.
Sikutaka kukutana nacho tena kwenye daftari.
Kuna wanaokiita kipumuo.
Jina zuri, ila pumzi ni ya mwenye nafasi;
mimi hupumua nikibadilisha uzi.

Lakini mkato, mkato naujua.
Ukishona shingo ya gauni ukaigeuza hivi hivi,
inajikunja, inafura, inamkaba mvaaji.
Lazima upitishe ncha ya mkasi kwenye ule mpindo,
tiki, tiki, tiki,
karibu na mshono bila kuugusa,
ndipo kitambaa kikubali kugeuka na kulala.
Nikamwambia Ghalibu: kumbe ni hilo tu?
Pale maneno yanapokata kona
unayapunguzia ukaidi.
Akanitazama.
"Mwalimu wangu hakusema hivyo," akasema.
Mwalimu wako alishona nini?

Tukaandika upya, kwa Kiingereza chake,
mashine ikikwama kwenye herufi R.
Kwa lugha yangu inasema:

Kwanza, nashukuru kwa masahihisho.
Hata hivyo, sare zimevaliwa.
Aidha, zimefuliwa, zimepauka kola,
na mtoto mmoja wa darasa la pili, nasikia,
amesharefuka, ameshampa mdogo wake.
Kwa hiyo, deni hili sasa lina wajukuu.
Mwisho, naomba nilipwe.

Mikato mitano kizingitini, nimeihesabu kama vifungo.
Ghalibu akainamia kiasi, pale chini,
akawa anatafuta kidole kwenye kibodi:
"Na hapa tuweke…"

Acha, nikamwambia.
Huo niliuweka mwenyewe tangu barua ya kwanza,
kwa mkono wangu, bila kufundishwa na mtu:
756,000.
Mahali pake hasa.

Bwana Mutalemwa huo hakuuzungushia.